Safari ya Mzee wa Gazeti kwa Shangazi Damari

Wengi mmeniuliza, na wengine mmeuliza kwa kunong'ona baada ya ibada, kwa nini siku nne mfululizo hamkupata Neno la Asubuhi. Wapo mliodhani nimeugua. Mmoja wenu, ambaye namfahamu vizuri, aliandika kwenye kundi, "Mungu ni mwema," halafu akafuta haraka. Nilikuwa nimeshaona. Sina kinyongo. Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, nanyi mtajua kwamba hakukuwa na haja ya kufuta.

Kabla ya kuondoka

Kwa atakayesomewa haya bila kunijua: nilikuwa karani wa masjala hapa Dodoma kwa miaka mingi, nikastaafu, na sasa ni mzee wa kanisa. Tangu nistaafu huamka saa kumi alfajiri nikaandika ujumbe wa kutia moyo, kisha nikautuma kwa kila mtu ambaye namba yake imo kwenye simu yangu, akiwemo fundi bomba aliyefika kwetu mara moja tu. Ujumbe wangu una utangulizi, mambo makuu matatu na hitimisho. Mke wangu, Mama Eliya, aliwahi kuniambia kwamba hitimisho langu linazidi urefu mambo makuu yote matatu. Nilimjibu kwamba adui hutumia hata watu wa karibu. Siku hiyo nilikunywa chai bila sukari.

Mnaojibu mnajulikana. Wengi hutuma ile mikono miwili iliyounganishwa, tena sekunde mbili tu baada ya ujumbe kufika, kasi ya kusoma ambayo sijaiona hata kwa mawakili. Aliyekuwa akijibu kwa maneno ni mmoja: Shangazi Damari, dada mdogo wa marehemu baba yangu, mjane anayeishi peke yake Kondoa, alikohamia na mumewe dereva wa malori. "Amina mwanangu. Nimepata nguvu, leo nitafua." Au, "Amina. Nilitaka kulia lakini nimeacha." Majibu hayo nilikuwa nikiyasoma kwenye kikao cha wazee wa kanisa, polepole, nikitazama chini ili nionekane mnyenyekevu.

Halafu akanyamaza. Siku tisa bila Amina, na simu yake haipatikani.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifunga safari kwa upendo mtupu. Lakini mnanijua. Nilikuwa nimechapa ujumbe wangu wote wa miaka miwili, nikaufunga kwa uzi uwe kitabu, nikakipa jina la Uji wa Roho. Kilikuwa kinene kama tofali. Kilichokosekana ni ushuhuda wa jalada la nyuma, na hakuna aliyefaa kuutoa kama Shangazi. Jumanne asubuhi nikavaa suti, nikafunga tai, nikakiweka kitabu kwenye mkoba, nikaenda stendi.

"Utamsalimia," alisema Mama Eliya. "Na umsikilize pia."

Sikuelewa kwa nini aliongeza hilo la pili.

Dodoma hadi Makutupora

Basi liliondoka saa tatu badala ya saa mbili. Tulipofika Makutupora, mahali ambapo bado unaweza kurudi Dodoma ukanywe chai nyumbani, injini ikatoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa kidole, tukasimama. Kondakta alishuka, akachungulia, akatangaza kwamba mkanda umekatika na fundi ameshapigiwa simu.

Tulishuka wote. Wanawake wa pale walikuja na zabibu kwenye ndoo na mabeseni, nyeusi, tamu, bado na vumbi la shambani. Nilikula shada zima, nikasimama kando ya basi. Baada ya muda nikaona abiria wananisogelea mmoja mmoja, mpaka wakanizunguka kama ishirini. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, "Wapendwa, hakuna kuharibika kwa gari kusikokuwa na kusudi." Nikaendelea na jambo kuu la kwanza.

Katikati ya jambo kuu la pili, bibi mmoja aliyebeba kuku akaniambia, "Baba, samahani, hebu sogea kidogo. Umesimama kwenye kivuli chote."

Nikatazama pembeni. Jua lilikuwa kali, na kivuli pekee cha basi kilikuwa upande wangu.

Kondakta, nadhani kwa kunihurumia, akasema, "Mzee, basi tuombee tu gari liwake." Nikafumba macho. Nilianza na uumbaji, maana ni vizuri kuanza mwanzo. Nikapita kwa wazee wa imani, nikaombea viongozi, barabara zote za taifa, madereva, mafundi na wanaotengeneza mikanda. Nilisikia injini ikiwaka nikajua nimejibiwa, nikaanza kushukuru, na shukrani yangu nayo si fupi. Nilisikia honi. Nilipofumbua macho, abiria wote walikuwa wameketi ndani wakinitazama madirishani. Aliyekuwa amebaki chini na mimi ni mama mmoja muuza zabibu, naye alibaki kwa sababu nilikuwa nimekanyaga ncha ya kitenge alichotandika bidhaa zake.

"Amina," alisema, akavuta kitenge.

Chemba

Mkanda ule mpya haukuwa wa ukubwa wake. Tulitambaa kama mtu anayetembea na kiatu cha kuazima, tukaingia Chemba saa nane mchana, na hapo dereva akasema tule kwanza huku akitafuta mkanda mwingine.

Niliingia kwa mama ntilie, nikaagiza ugali na nyama ya mbuzi. Kwenye benchi walikuwepo wanaume watatu wa makamo. Waliponiona na suti, tai na mkoba uliojaa karatasi, wakasimama wote.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema mmoja wao, mwenye fimbo ya kuchungia, ingawa tulilingana umri. "Tumekungoja sana."

Nilidhani ni watu wanaopokea Neno langu. Nikawashika mikono. "Nimefurahi kuwaona. Nami nimekuja kutia watu moyo."

Wakatazamana. Yule wa fimbo akaketi. "Hata aliyepita alituletea hilo hilo," alisema kwa uchovu. "Sisi tulisema tunataka kisima."

Nilieleza kwamba mimi si mtu wa maji wala wa serikali. Nilisema natafuta shangazi. Wakaniangalia mkoba, wakaniangalia tai, nikaona hawajaamini. Nilipomaliza kula, yule wa fimbo alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi akinielekeza mahali hasa panapofaa kuchimbwa, upande wa mashariki wa mnada, na akaniomba niandike. Niliandika. Mpaka leo ninayo karatasi hiyo na sijui niipeleke wapi, ila nimeuliza ofisi mbili.

Dukani kwa Hamisi

Tuliingia Kondoa wakati watu wanatoka swala ya alasiri. Nilikuwa sijafika kwa Shangazi tangu mazishi ya mumewe, na mji umekua, kwa hiyo nikauliza kwenye duka la kwanza mtaani, la mchele, sabuni na mafuta. Mwenye duka alikuwa mzee wa kofia, ndevu nyeupe, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Natafuta kwa Bi Damari, Mgogo, mjane wa dereva."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umetoka Dodoma?"

"Ndiyo."

"Unaandika?"

"Naandika."

Akasimama, akageukia barabarani na kuita kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Jamani! Mzee wa Gazeti amekuja!"

Wakatoka watu. Fundi cherehani na mita yake shingoni, mama wa mkaa, wanawake wawili waliokuwa wakisukana. Wote walinisalimia kwa furaha, na mmoja wa wale wanawake akaniuliza kama mguu wa Mama Eliya umepona. Nilikuwa nimeutaja mguu huo kwenye ujumbe mmoja, jambo kuu la tatu, kipengele cha mwisho.

Nilipopewa kiti na soda, mwenye duka akajitambulisha. Jina lake Hamisi. Jirani wa Shangazi tangu siku walipohamia.

"Mzee mwenzangu," alisema, "lazima nikueleze, usije ukasikia kwingine. Shangazi yako haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa pili sasa."

Nilisema haiwezekani, ananijibu kila siku.

"Ninayeandika ni mimi. Yeye ananiambia, mimi naandika. Na ujumbe wako, huo tunaouita gazeti, namsomea mimi, hapo hapo ulipokaa, majirani nao wakisikia, kabla sijafungua duka." Akakohoa. "Ila sisomi wote."

"Husomi wote?"

"Aya za Biblia yako nazisoma neno kwa neno. Mimi ni Muislamu, siwezi kuchezea kitabu cha mtu. Lakini yale maelezo yako..." Akainua mikono. "Mwanzoni nilisoma yote. Siku ya tatu maji ya chai yalikauka jikoni na sufuria ikaungua. Tangu hapo nasoma kimya, kisha nafupisha."

"Unafupishaje?"

"Nasema: Mzee wa Gazeti anasema Mungu hajakusahau, na wewe usisahau kula. Siku nyingine nasema: anasema usiogope, fua nguo, jua lipo. Inategemea nimemwonaje siku hiyo."

Ndugu zangu, nilikaa na ile soda mkononi. Yale majibu niliyoyasoma mbele ya wazee wa kanisa, nikitazama chini. Nimepata nguvu, leo nitafua. Mimi sijawahi kuandika habari za kufua.

"Na kwa nini amenyamaza?" niliuliza.

Hamisi akashusha sauti. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali kwa muda, na wangeondoka Ijumaa. Walimpima Shangazi wakasema wanaweza kumfanyia upasuaji. Akakataa. Hamisi akamsihi kila siku, mpaka Shangazi akazima simu na kumwambia asimsomee tena chochote.

"Ni heri umekuja," alisema. "Wewe ndiye fundi wa maneno."

Kwa Shangazi

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichambua mlenda kwa vidole bila kuutazama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo Shangazi."

Akainua uso kuelekea kwangu, si kwangu hasa, bali kando kidogo. "Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo, kisha akacheka. "Marahaba mwanangu. Umekuja na miguu yako?"

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni nusu siku kwa gari zima. Miaka miwili niliandika kila asubuhi juu ya kuwatembelea wajane.

Alipika mwenyewe. Aligusa chungu, akagusa mwiko, akajua kila kitu kilipo. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mzito, unaovutika, kama alivyokuwa akipika bibi yangu. Nilipomaliza nikanawa, nikatoa Uji wa Roho mkobani, nikafungua kwenye ukurasa unaohusu hofu. Nilikuwa nimeandika juu ya hofu mara kumi na moja. Nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Nilipofika hitimisho nikamtazama. Alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Nilikohoa. Akashtuka. "Amina," alisema. "Hamisi, umeshafungua duka?"

"Shangazi, ni mimi."

"Ala! Samahani mwanangu."

Nikaweka karatasi chini, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hataki kwenda. Akasema, "Mume wangu aliingia hospitali kwa miguu yake. Nilimwombea usiku na mchana. Nilikuwa na imani, mwanangu, usidhani sikuwa nayo. Wakanirudishia nguo zake kwenye mfuko. Sasa mimi hapa nikikaa hivi, nasema labda siku moja nitaona. Nikienda wakanikata na nisione, nitabaki na nini?"

Nilijua ninatakiwa kujibu. Watu wangu wa kanisani wananiweka mbele kwa ajili ya hapo hasa. Nilipekua karatasi, kweli nilizipekua, nikitafuta mahali nilipojibu jambo kama hilo. Hapakuwepo.

"Sijui, Shangazi," nilisema. "Sijui nikuambie nini."

Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wangu, paji, macho, mashavu. "Basi leo umekuja kweli," alisema. "Huyu ndiye niliyekuwa namwombea."

"Mimi?"

"Wewe. Kila Hamisi akisema, leo gazeti ni refu, najua hukulala. Mtu aliyelala vizuri haandiki hivyo. Nikawa kabla sijanywa chai nasema, Bwana, mtoto wa kaka yangu ana kitu kinamkaba na hasemi. Mshike. Ndipo nanywa." Akanisogelea. "Ni kitu gani?"

Mimi hapa, mzee wenu wa kanisa, mwenye suti, nilianza kulia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikamwambia. Kwamba tangu nistaafu, saa kumi alfajiri nashtuka na kifua kimebana, na hakuna faili linalonisubiri, wala mtu anayeuliza niko wapi, na nisipoandika naogopa. Kwamba naandika kwa sababu simu ikilia, hata kwa ile mikono miwili, najua bado nipo.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Hm," alisema Shangazi, mguno mmoja tu wenye mengi. Kisha akashika mikono yangu, akaomba. Aliomba kwa Kigogo, maneno machache kiasi kwamba nilipofumba macho vizuri alikuwa amemaliza. Aliniombea usingizi. Akamwombea Hamisi wateja. Mwisho akasema, "Na mimi unajua ninavyoogopa," akaishia hapo.

"Kesho nitakwenda," alisema. "Ila ukae na mimi. Na hizo karatasi zibaki hapa."

Benchi la hospitali

Jumatano walimwingiza saa nne asubuhi, jicho moja kwanza. Nilikaa kwenye benchi refu nje. Saa sita na nusu Hamisi akaja na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amefunga duka, jambo ambalo mtaa mzima uliniambia hajawahi kulifanya mchana.

"Wamesemaje?"

"Bado."

Tukakaa. Adhana ilipolia alisimama, akaniambia, "Nakwenda kumwombea kwa njia yangu. Wewe mwombee kwa yako. Usifike kwenye uumbaji." Shangazi alikuwa amemsimulia habari za Makutupora asubuhi hiyo, nami ndiye niliyemsimulia Shangazi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Alipoondoka nilifumba macho. Nilitafuta utangulizi, haukuja. Nikasema, "Bwana, yule mle ndani ni Damari." Nikangoja nione kama kuna la kuongeza. Nikaona anamjua. Nilikaa hivyo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kifua changu kilikuwa kifua tu.

Alhamisi asubuhi muuguzi alimtoa bandeji. Shangazi alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akamtazama Hamisi aliyesimama mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Hamisi."

"Hamisi gani ana ndevu nyeupe hivyo?"

"Zimeota ulipokuwa hunitazami."

Alicheka mpaka muuguzi akamkataza, kisha akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu. "Umefanana na kaka yangu," alisema, "hata kukunja uso."

Nisiwadanganye: haoni kama zamani. Herufi ndogo bado zinamshinda, jicho la pili linangoja zamu nyingine, na Hamisi anaendelea kumsomea. Lakini jioni ile alitembea mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni, na njiani akamwambia mama wa mkaa kwamba kumbe anamuuzia mkaa mdogo mdogo.

Nyumbani

Nilirudi Ijumaa, kwa basi lililokwenda moja kwa moja bila kusimama, nami sikuhutubia mtu. Nililala njia nzima. Niliamka Jumamosi jua likiwa limeshatoka.

Mama Eliya alikuwa jikoni, amebandika maziwa. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, na mpango wote ukapotea.

"Mama Eliya, tangu nistaafu naogopa asubuhi."

Hakugeuka mara moja. Aliendelea kukoroga. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Baba Eliya, wewe ukiamka kuandika mimi niko macho. Nasikia unavyohema. Nilikuwa nangoja uje uniambie, lakini kila siku ulikuwa unawaambia watu wengine."

Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaninyooshea.

"Haya, tuombe basi. Wewe nyamaza, nitaomba mimi."

Akafumba macho, nami nikafumba. Alianza kwa kutaja jina langu, lile la utotoni, ambalo hajalitumia tangu tuoane. Nyuma yetu nilisikia maziwa yakipanda, yakafika ukingoni, yakafurika jikoni kote na kuanza kuungua. Harufu ilijaa nyumba nzima. Hakuna aliyefumbua macho.